Pori Lisilo Tupu

Fuata nyuki ule asali, ndivyo walivyotuusia wahenga. Usia huo sisi wakazi wa mijini tumeugeuza kuwa methali ya kumshauri kijana ashikamane na watu wenye mafanikio, na sidhani kama yuko mwalimu wa darasa la nne ambaye hajaufundisha kwa maana hiyo. Lakini wako watu katika nchi yetu ambao kwao maneno hayo si methali hata kidogo. Wao humfuata nyuki kwa miguu, katika pori lisilo na barabara, na ni lazima wajue ametoka upande gani, amekwenda mti gani na mti huo huchanua mwezi gani. Asiyejua hayo hurudi nyumbani na ndoo tupu.

Mmoja wao ni mjomba wangu. Anaishi katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Sikonge, kusini mwa mji wa Tabora. Amekuwa mrina asali tangu alipokuwa kijana asiyeota ndevu, na sasa ndevu zake ni nyeupe. Mwaka jana nilichukua likizo yangu ya siku 28, nikaiacha meza yangu ya chumba cha habari, nikaenda kumsaidia kazi moja ambayo mtu angeweza kuidhania kuwa ya kitoto: kuchora ramani ya mizinga yake, pamoja na ramani ya miti na mimea ambayo nyuki wake huitegemea kwa chakula.

Kijiji kilikuwa kikiandaa mpango wa matumizi ya ardhi. Ndugu msomaji, wewe unayeishi katika chumba cha kupanga pengine hujapata kulifikiria jambo hili, lakini kijijini hakuna karatasi yenye uzito kuliko hiyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 imekipa kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi yake, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka 2007 inaeleza jinsi ardhi hiyo inavyopangwa: hapa makazi, hapa mashamba, hapa malisho, hapa msitu. Rasimu huletwa mbele ya wananchi, hujadiliwa katika mkutano wa kijiji, na ikisha kupitishwa, rangi iliyopakwa juu ya karatasi ndiyo inayosema nani ataingia wapi na jembe lake.

Rasimu ya kijiji cha mjomba ilikuwa imechorwa kwa usafi. Nyumba zilikuwapo, shule ilikuwapo, kisima cha pampu kilikuwapo, hata mti wa mwembe wanapokutania wazee ulikuwa umewekewa alama. Lakini ng'ambo zote mbili za kijito, kaskazini na kusini, kulikuwa na rangi ya manjano mpauko na maneno matatu: akiba ya mashamba. Mjomba aliuliza mizinga yake iko wapi katika karatasi ile. Alijibiwa kwa adabu kwamba huko haishi mtu, ni pori tupu. Aliposhikilia swali lake, akaambiwa alete orodha ya mahali ilipo mizinga, nayo itazungushiwa viduara. Jioni ile mama yangu akanipigia simu. "Mjomba wako anakuhitaji," alisema. "Anasema wewe ndiye mwenye kazi ya kuandika."

Nchi ile imewahi kuitwa tupu zaidi ya mara moja. Katika miaka ya 1920 na 1930 ugonjwa wa malale, unaoenezwa na mbung'o, uliisumbua sana nchi ya Unyamwezi, na serikali ya kikoloni ya Waingereza ikawahamisha watu waliokuwa wametawanyika msituni na kuwakusanya katika makazi makubwa yaliyofyekwa. Katika miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ikawakusanya wananchi tena, kwa nia nyingine na kwa sababu nyingine. Kila mara karatasi zilibaki na eneo kubwa la miti lisilo na nyumba. Mizinga, hata hivyo, haikuhamishwa. Wanaume waliendelea kwenda huko kila msimu, wakapiga kambi kwa majuma kadhaa, wakarina, wakarudi na asali na nta. Nta hiyo ilisafirishwa Ulaya tangu enzi za Wajerumani. Babu yangu mzaa mama alitundika mizinga katika mahame ya kijiji alichozaliwa, na yako matawi yaliyobeba mizinga yake ambayo hadi leo yanabeba ya mwanawe.

Basi tukaanza kazi katikati ya Aprili, mvua zikielekea ukingoni. Tulikuwa watatu: mjomba, binti yake aliye kitinda mimba, na mimi. Vifaa vyetu vilikuwa daftari kubwa, penseli, kamba ya meta 50, na simu ya mkononi ambayo huweza kusoma majira ya nukta kutoka kwenye setilaiti hata mahali pasipo na mtandao. Chuoni nilikosomea uandishi wa habari tulifundishwa kwamba habari haijakamilika mpaka ijibu nani, nini, lini, wapi na kwa nini. Kwa siku 19 nilijibu swali moja tu, la wapi, na sikumbuki habari nyingine iliyonichosha kama hiyo.

Mjomba hutembea porini kama mtu anayetembea ndani ya nyumba yake usiku, bila kupapasa. Hatazami chini. Kila mzinga una alama iliyochongwa, ambayo ni ya ukoo wetu na inatambuliwa na warina wenzake wote. Na kila mzinga una tarehe, ila tarehe zenyewe si za kalenda. "Mjomba, andika," aliniambia (nasi, kama ilivyo desturi, tunaitana mjomba sote wawili), "huu niliutundika mwaka aliozaliwa dada yako. Na ule, mwaka aliofariki bibi yako." Nikaandika. Siku ya sita tulikuwa na mizinga 164 daftarini. Kati ya hiyo, 97 ilikuwa na nyuki na 67 haikuwa nao.

Nilimuuliza kama hiyo mizinga mitupu ni hasara. Alicheka. Nyuki wetu wa Afrika si kama kuku, akasema, hawarudi bandani kwa kuwa ndiko kwao. Chakula kikipungua au moto ukipita, kundi zima hufunga safari na kuacha masega, kisha msimu ukigeuka huja kundi jingine likitafuta nyumba. Mrina mwenye akili hutundika mizinga mingi kuliko nyuki alio nao, kama vile mwenye nyumba ya kupangisha asivyovunja chumba kwa kuwa mpangaji amehama. (Mfano wa mpangaji ni wangu. Mjomba hajapata kupanga chumba, na alipousikia alinionea huruma.)

Sasa ndugu msomaji uitazame ramani yetu ilivyokuwa siku ile ya sita. Nukta zote 164 zilikuwa kaskazini ya kijito. Zilikuwa huko kwa sababu nzuri: kivuli ni kingi, maji yako karibu, na njia ya kwenda kambini iko upande huo. Kusini ya kijito, kwenye mwinuko mrefu unaoelekea mpaka wa kijiji jirani, hapakuwa na nukta hata moja. Kama tungeikunja karatasi na kuipeleka kwa waliotuagiza, wangechora viduara vyao vidogo kaskazini, na kusini yote ingekwenda kwenye jembe, na hakuna mtu ambaye angeweza kusema kwamba haki haikutendeka. Mizinga si imo?

Mjomba alilitazama daftari kwa muda. "Haya," akasema, "jiko tumelichora. Kesho tukachore shamba."

Hapo ndipo ilipo siri ya kazi hii, na ndilo jambo lililonifanya niandike makala haya. Mfugaji wa ng'ombe akipewa zizi bila malisho, kila mtu ataona kwamba amepunjwa. Lakini mzinga ukitundikwa juu ya mti, macho yetu huishia pale juu ya mti. Hatuoni kwamba nyuki aliyetoka mlangoni mwake ana kilometa kadhaa za kwenda. Kwa kawaida nyuki hutafuta chakula ndani ya kilometa mbili au tatu kutoka mzingani, na njaa ikizidi huenda mbali zaidi ya hapo. Watafiti wawili wa Marekani, Kirk Visscher na Thomas Seeley, waliolichunguza kundi moja la nyuki katika msitu wa Jimbo la New York, waliandika mwaka 1982 kwamba ili kuzingira asilimia 95 ya safari za kundi hilo walihitaji duara lenye nusu kipenyo cha kilometa 6. Huko ni Marekani, na nyuki wa kule si wa namna moja na wetu. Basi tuchukue kilometa tatu tu. Duara la kilometa tatu kila upande lina kilometa za mraba 28, yaani hekta 2,800. Ukiupeleka mzinga mmoja pale Kariakoo, Dar es Salaam, duara lake litaikumba Ilala, litaikumba Upanga, litafika Magomeni na kuigusa Bandari. Hilo ndilo shamba la mzinga mmoja.

Jinsi nyuki anavyowaeleza wenzake shamba hilo liko wapi ni jambo lililomletea sifa mtaalamu mmoja wa Austria, Karl von Frisch, ambaye mwaka 1973 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Aligundua kwamba nyuki anayerudi kutoka kwenye maua mazuri hucheza juu ya sega, gizani, akienda mbele kwa kutikisa kiuno, kisha akizunguka na kurudia. Pembe anayoifanya na mstari wa wima wa sega ni sawa na pembe iliyopo kati ya jua na maua huko nje. Akitikisa kwa muda mrefu, maua yako mbali; akitikisa kwa muda mfupi, yako karibu. Wenzake humfuata kwa kumgusagusa, kisha wakatoka na kuruka moja kwa moja mpaka mahali penyewe. Katika nchi nyingine watafiti wameweka mizinga yenye ukuta wa kioo, wakazisoma ngoma hizo moja moja, na kwa kuzisoma wakachora ramani ya maua bila kukanyaga nje.

Nilimsimulia mjomba habari hizo kambini usiku. Alisikiliza kwa heshima, akaniambia kwamba yeye hajapata kuiona ngoma hiyo, kwa maana mzinga wake wa gome hauna kioo, lakini haimshangazi. Yeye hukaa chini ya mti asubuhi na kutazama mambo mawili: upande wanaoelekea wakitoka, na rangi ya chavua waliyoibeba miguuni wakirudi. Kila ua lina rangi yake ya chavua. Kutokana na hayo mawili hujua ni mti gani unaochanua na uko upande gani, hata kama mti wenyewe hajauona mwaka huo. Nami siku iliyofuata nilikaa naye, nikatazama, nikaona vidoa vya rangi vikiingia mzingani, na sikujua chochote. Binti yake alijua. Alikuwa akitaja majina ya miti kabla baba yake hajafungua kinywa.

Kwa siku zilizobaki tulikwenda kusini. Humo ndimo nilimouona muba ukiwa umechanua. Wataalamu wa mimea huuita Julbernardia globiflora, na ni mti ambao mtu wa mjini anaweza kupita chini yake mara mia bila kuuliza jina, kwa kuwa maua yake ni madogo na hayana majivuno. Lakini simama chini yake asubuhi. Utasikia mlio juu ya kichwa chako kama wa mashine ya kusaga iliyo mbali, mlio usiokatika, na utaelewa kwa nini nyuki wa kaskazini hawako kaskazini. Mwinuko mzima ulikuwa ukivuma hivyo. Tulipima kwa kamba viwanja vidogo kumi na mbili, tukahesabu miti katika kila kiwanja, tukaandika ipi inachanua, ipi imekwisha, ipi bado.

Upande wa kaskazini mti unaotawala ni mwingine, mtundu, ambao ni Brachystegia spiciformis. Huo hauchanui mwezi Aprili. Huchanua kabla ya mvua, kuanzia Septemba hivi hadi Novemba, wakati majani yake machanga yanapotoka yakiwa na rangi ya shaba na pori zima likafanana na kitu kilichowashwa taa. Miti hiyo miwili, mtundu na muba, ndiyo nguzo za asali ya miombo. Mmoja huwapokea nyuki mwishoni mwa kiangazi, wakiwa wamekonda. Mwingine huwajaza mwishoni mwa masika, na asali yake ndiyo ile nyingi inayorinwa baada ya mvua kwisha. Kati yake kuna mininga na maua yake ya manjano, kuna milama, kuna magugu ya mashambani, kuna chavua ya mahindi, na karibu na nyumba kuna miembe na mikwaju. Kila jina tulilipa safu yake daftarini na miezi yake, kutoka Januari hadi Desemba. Binamu yangu alipaka penseli kila mwezi ambao mti unachanua. Alipomaliza, ukurasa ulionyesha kitu ambacho mjomba alikuwa akikijua kichwani siku zote: kwamba kuna miezi miwili ya njaa, na kwamba katikati ya masika hadi mwisho wake chakula karibu chote kiko kusini ya kijito.

Kwa wale wanaotaka ushahidi wa maabara, asali yenyewe hubeba ushahidi huo. Chembe za chavua hubaki ndani yake, na kwa kuwa kila mmea una chavua yenye umbo lake, mtaalamu mwenye hadubini huweza kutaja miti iliyotembelewa. Chupa ya asali uliyoiweka kabatini ina orodha ya miti ndani yake. Asali iliyochanganywa na sukari guru na wachuuzi wasio waaminifu ina orodha fupi zaidi, lakini hilo ni somo la siku nyingine.

Sitaki msomaji adhani kwamba warina asali ni malaika wa msitu. Mzinga wa gome hutengenezwa kwa kulibandua gome la mti kwa mviringo, na mti uliobanduliwa hivyo hufa. Na miti inayofaa zaidi kwa gome ni hiyohiyo, mtundu na muba. Yaani mrina humuua ng'ombe ili apate ngozi ya kutengenezea kibuyu cha maziwa. Nilihesabu mifupa ya miti kama hiyo kando ya njia yetu, nayo haikuwa michache. Mjomba hakubisha. Alisema babu yangu alikuwa na pori lisilo na mwisho, yeye analo lenye mwisho, na ndiyo maana mizinga 31 kati ya ile 164 sasa ni ya mbao. Angependa iwe yote; mbao zinagharimu fedha, gome haligharimu. Hali kadhalika moto. Warina wengi huchoma nyasi mapema, zikiwa bado na unyevu, ili moto mkali wa mwisho wa kiangazi usije ukaunguza maua na mizinga. Lakini wako wanaoacha mwenge ukiwaka baada ya kurina, na huo ndio moto unaovuka vijiji vitatu.

Hata hivyo kinachoitafuna miombo ya Tabora zaidi ya gome ni jembe na bani. Mpango wa karanga wa Waingereza uliposhindwa, Urambo iligeuzwa kuwa nchi ya tumbaku katika miaka ya 1950, na zao hilo likaenea mkoa mzima. Tumbaku ya mvuke hukaushwa ndani ya mabani kwa moto wa kuni, mchana na usiku, kwa siku kadhaa. Shamba linafyekwa ili ipandwe, na miti mingine inakatwa ili ikaushwe. Wakati ule wa Aprili mabani yalikuwa yakifuka kijijini, na ukisimama mwanzo wa mwinuko, upepo ulikuwa ukileta harufu ya maua ya muba kutoka juu na harufu ya majani ya tumbaku kutoka chini.

Mwenye bani la karibu kabisa ni mtoto wa kwanza wa mjomba wangu. Huyu ni binamu yangu ninayelingana naye kwa umri, tuliyeoga naye katika kijito hicho tukiwa wadogo. Yeye ndiye aliyekuwa ameandika jina lake mbele ya wote kuomba eka kumi kusini. Ana watoto watano, wawili wako sekondari. Usiku mmoja tulikaa nje ya nyumba yake, akaniambia bila hasira: "Mjomba wako anawapenda nyuki. Mimi pia nimelelewa kwa asali hiyo, sikatai. Lakini asali inakuja mara moja au mbili kwa mwaka, na mnunuzi anakuja akiwa na ndoo yake mwenyewe. Tumbaku inanikopesha mbolea na inanilipa kwa risiti." Nilimwuliza kuhusu hiyo ndoo. Lita moja ya asali ina uzito wa kilo moja na gramu mia nne hivi. Ndoo ya lita 20 basi ni kilo 28. Wako wanunuzi wanaonunua kwa ndoo kijijini na kuuza kwa kilo mjini, na tofauti hiyo ndiyo nyumba zao. Sikuwa na jibu la kumpa, na wala sidhani kuwa ramani ilikuwa na jibu hilo.

Mkutano wa kijiji ulifanyika siku tatu kabla ya likizo yangu kwisha. Ulianza saa nne asubuhi chini ya ule mwembe wenye alama yake, ukaisha saa kumi alasiri. Ramani yetu ilibandikwa ubaoni kando ya rasimu. Nukta nyekundu za mizinga zilikuwa juu, alama za kijani za muba zilikuwa chini, na binamu yangu wa kike alikuwa amechora kutoka kila kundi la mizinga duara la kilometa tatu. Maduara yote yalivuka kijito. Yeye ndiye aliyesimama kuyaeleza, kwa sababu baba yake alikataa kusema mbele ya watu jambo ambalo, kwa maoni yake, kila mtu alilijua. Walisikiliza. Mzee mmoja, mrina naye, alisimama na kusema kwamba mizinga yake 80 haimo katika ramani hiyo lakini nyuki wake wanakula hukohuko. Akafuata mwingine, na mwingine. Mpaka wakati huo rasimu ilikuwa imehesabu kaya tatu zinazofuga nyuki. Mchana ule ziliandikwa 26.

Kisha akasimama mtoto wa kwanza wa mjomba. Alimwamkia baba yake mbele ya watu, akaitikiwa, halafu akauliza: "Baba, ada ya wajukuu zako italipwa na maua?"

Hakuna aliyecheka. Mjomba alikaa kimya kwa muda mrefu kiasi kwamba mwenyekiti alitaka kuendelea na ajenda nyingine. Mwishowe alisema: "Yako ililipwa na maua." Alisema polepole, bila kumkaripia, kama mtu anayemkumbusha mwenziwe jina la mahali. Binamu yangu alijibu kwamba ni kweli, ila wakati ule ada ilikuwa ndogo na pori lilikuwa kubwa. Na hilo nalo lilikuwa kweli. Mkutano ukakubaliana kuhusu kaskazini siku ileile: msitu wa kijiji, ruhusa kutundika mizinga, marufuku kukata. Kusini ikaahirishwa hadi baada ya mavuno.

Nilirudi kazini. Mkutano wa pili ulifanyika Septemba nami sikuwapo. Habari zake nilizipata kwa simu. Mwinuko umegawanywa. Ukanda wa juu, wenye upana wa kilometa moja, ambamo viwanja vyetu vya kamba vilionyesha muba mwingi zaidi, umepakwa rangi ya kijani na kuandikwa hifadhi ya malisho ya nyuki. Mteremko wa chini umetolewa kwa mashamba, kaya saba, na kila moja imetakiwa kupanda miti yake ya kuni kabla ya kujenga bani. Binamu yangu amepata eka nne badala ya kumi. Hajaridhika. Mjomba naye hajaridhika, kwa kuwa katika mteremko huo wa chini mna miba mikubwa ya umri wa babu yetu. Wanakula pamoja siku za Jumapili kama kawaida, na mke wa mjomba amepiga marufuku kuitaja ramani wakati wa chakula.

Daftari amebaki nalo yule binti. Kabla ya mvua alizunguka kaskazini peke yake na kuongeza mitundu ambayo mwezi Aprili hatukuweza kujua kama bado ina nguvu ya kuchanua. Mizinga 22 wameisogeza karibu na ukanda wa juu, na ameipa nambari mpya. Nilipompigia simu juma lililopita, tisa ilikuwa imekwisha kuingia nyuki.